Kuhamisha Windows kwenda SSD bila kupoteza kitu: hatua kwa hatua kwa Clonezilla

Laptopu inayochukua dakika tano kuwaka mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Ina diski ya kuzunguka tu, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na Windows inaitwisha mzigo isioumudu. Itoe hiyo diski, weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na mashine ya miaka minane inarudi kazini. Wateja wakikaa mbele ya meza yangu swali huwa moja: "Fundi, vitu vyangu vitabaki?" Vitabaki vyote, pamoja na Windows, programu zilizosakinishwa na hata ile picha ya ukutani, ilimradi tunakloni diski nzima, yaani tunaitoa nakala kamili kama ilivyo, na si kunakili mafaili.

Ukifungua C, ukachagua kila kitu na kukiburuta kwenda diski nyingine, utapata mafaili lakini hutapata diski inayowaka. Diski ya Windows ya siku hizi ina patisheni, yaani vyumba ilivyogawanywa, nyingine usizoziona: ya EFI, mara nyingi MB 100, yenye maelekezo ya kuwashia, ya MB 16 ambayo Microsoft imejiwekea akiba, C yenyewe, kisha ya uokoaji. Isitoshe, mafaili kadhaa ya mfumo hufungwa Windows ikiwa kazini. Kwa hiyo tunaiacha Windows ilale, tunawasha mashine kwa mfumo mwingine ulio kwenye flashi, na huo ndio unaonakili.

Mimi hutumia Clonezilla. Ni ya bure, ya chanzo huria, na inatengenezwa Taiwan katika kituo cha kompyuta kinachoitwa NCHC. Uzuri wake ni kwamba inaielewa NTFS, mpangilio ambao Windows hupangia mafaili kwenye diski, hivyo hunakili sehemu zenye data tu. Diski ya GB 500 iliyojaa GB 120 itanakiliwa zile 120. Sura yake ni maandishi matupu, na anayeiona mara ya kwanza hudhani ameharibu kompyuta. Zipo programu za watengenezaji wa SSD, kama Samsung na Crucial, zenye sura ya kupendeza, ila zinataka SSD ya kampuni yao iwe imechomekwa. Macrium Reflect ya bure, ambayo mafundi wengi tulikulia nayo, iliacha kuhudumiwa Januari 2024.

Vitu vya kununua, na mtego wa 480

Unahitaji SSD, adapta ya USB kwenda SATA (kile kikebo chenye kichwa cha kuchomekea diski ya inchi 2.5), flashi ya GB 8 au zaidi, na bisibisi ndogo ya nyota. Kwanza hakikisha laptopu yako inakula SSD ya aina gani. Yenye diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inachukua SATA ya inchi 2.5. Kama kuna tundu la M.2, usikimbilie kununua: M.2 nyingine ni za SATA, nyingine za NVMe (njia nyingine ya kuunganisha, ya kasi zaidi), na zinafanana kwa umbo. Tafuta namba ya modeli chini ya mashine na usome maelezo yake.

Sasa ukubwa. Diski yako ya zamani ya "500" ina baiti 500,107,862,016. SSD iliyoandikwa 480 ina baiti 480,103,981,056. Hata kama umetumia GB 100 pekee, Clonezilla kwa njia ya kawaida inataka diski ya kupokea iwe sawa na ya kutoa au kubwa zaidi. Zipo njia za kuzunguka, za kupunguza patisheni kwanza, lakini muda na jasho utakalotumia havilingani na tofauti ya bei. Nunua 500, 512 au TB 1. Na usishtuke Windows ikikuonyesha 465 kwa diski ya 500: inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000.

Kariakoo au Luthuli Avenue, SSD isiyo na jina ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni feki, huna haja ya kuuliza. Ile ya bei ya kati ndiyo inayodanganya. Ichomeke na uendeshe H2testw, programu ndogo ya bure inayojaza diski data kisha kuisoma tena. Inachukua saa nyingi. Iache usiku, asubuhi utajua kama umenunua ukubwa wa kweli au kibandiko.

Siku moja kabla: kuiandaa Windows

Hatua hizi watu huziruka, halafu hulaumu Clonezilla.

1. Pima afya ya diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo. Tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hiyo ni hesabu ya sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana kusomeka. Ikiwa rangi ni ya bluu, endelea. Ikiwa ni njano au nyekundu, acha kila kitu na uruke hadi sehemu ya diski mgonjwa hapo chini.

2. Kagua BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Laptopu nyingi za Windows 11 hufungwa kwa siri tangu siku ya kwanza, mwenyewe hana habari. Ikiwa C imefungwa, toa ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48 kwa `manage-bde -protectors -get C:` na uuandike kwenye karatasi. Kisha fungua kwa `manage-bde -off C:` na usubiri hadi imalize, inaweza kuchukua saa kadhaa. Clonezilla haiwezi kuona ndani ya C iliyofungwa, hivyo itanakili kila sekta, tupu na isiyo tupu. Ukishahamia SSD utaifunga tena.

3. Zima usingizi mzito: `powercfg /h off`. Windows ikizimwa kwa kawaida haizimiki kabisa. Inaweka sehemu ya kumbukumbu kwenye diski ili iwake haraka kesho. NTFS katika hali hiyo ni kama mlango ulioachwa wazi, na Clonezilla inaweza kugoma kuigusa.

4. Endesha `chkdsk C: /f`, inayokagua na kurekebisha makosa ya diski, kubali ifanyike mashine ikiwaka upya, na usiikatishe.

5. Safisha. Folda ya Downloads ya mteja wa kawaida ina filamu moja mara tatu. Kila GB unayofuta leo ni GB usiyoisubiri kesho.

6. Mafaili yasiyo na mbadala, yaani picha za familia, hesabu za duka, tasnifu, yanakili pembeni kwenye eksteno (diski ya nje ya USB) au flashi nyingine. Ndiyo, kabla ya kukloni. Sababu naieleza hivi punde.

Programu chache za uhasibu huifunga leseni kwenye namba ya diski. Ukiwa nayo, tafuta kwenye menyu yake sehemu ya kurudisha au kuachia leseni kabla ya kuhama. Windows yenyewe haina tatizo hilo, kwa sababu uhalali wake umeshikamana zaidi na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Kuichukua kloni hiyo na kuiweka kwenye laptopu ya jirani ni suala jingine: inaweza kuwaka, lakini leseni haiendi nayo.

Kutengeneza flashi

Pakua Clonezilla live (faili la ISO, toleo la amd64) kutoka tovuti yake rasmi, pamoja na GParted live, programu ya kusogeza na kutanua patisheni. Kisha sakinisha Ventoy kwenye flashi. Itafuta kila kilichomo, na baada ya hapo unaburuta tu ISO zote mbili kama unavyoburuta nyimbo. Ukiwasha, Ventoy inakuuliza unataka ipi. Rufus nayo inafaa, ila inabeba moja kwa wakati mmoja.

Zima mashine. Chomeka adapta yenye SSD kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lenye ulimi wa bluu. Si mapambo: USB 2 hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, hivyo GB 200 zitakula zaidi ya saa moja na nusu. Kwenye USB 3 kikwazo kinakuwa diski ya zamani yenyewe, na kazi ileile inaisha kwa kama dakika 40.

Washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus nyingi, F12 kwa Acer ingawa huko huenda ukalazimika kuiruhusu kwanza ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Flashi ikikataliwa, ingia BIOS na uzime kwa muda Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka. Laptopu zilizotumika, hasa zilizotoka maofisini ng'ambo, wakati mwingine huja na nenosiri la BIOS la mwajiri wa zamani. Hilo mrudishie aliyekuuzia, kabla dhamana yake ya mdomo haijaisha.

Chomeka chaja. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inabeba na SSD ya kwenye USB inakula kutoka hapohapo. Kwa kompyuta ya mezani bila UPS mimi sianzi kazi hii kabisa jioni.

Dakika moja ya hatari

Ndani ya Clonezilla chagua lugha, acha kibodi ilivyo, "Start_Clonezilla", kisha "device-device". Halafu "Beginner", halafu "disk_to_local_disk". Sasa inakuuliza diski ya kutoa. Skrini inayofuata inauliza diski ya kupokea. Skrini hizi mbili zinafanana kama mapacha, na ukizibadilisha, Clonezilla itachukua SSD tupu na kuimwaga juu ya Windows yako kwa uaminifu mkubwa.

Najua kwa sababu nilifanya. Mwenye duka la steshenari aliniletea laptopu na SSD mpya, zote GB 500. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa mezani, simu inalia. Niliona "sda" na "sdb", majina ambayo Clonezilla huzipa diski, nikajiambia sda ni ya zamani kama siku zote. Siku hiyo haikuwa. Mashine ilikuwa imeipa SSD jina la kwanza. Niliulizwa mara mbili kama nina uhakika, nikajibu mara mbili. Ilipomaliza kwa sekunde chache nikadhani ni kasi ya SSD. Bahati yake, mama yule alikuwa na madaftari ya mauzo ya karatasi; bahati yangu, alikuwa mtu mpole. Nilikaa dukani kwake wikendi tatu nikiingiza hesabu za mwaka mzima mkono kwa mkono, na sikumtoza kitu.

Tangu hapo siangalii herufi. Kabla sijawasha, nasoma namba ya utambulisho kwenye kibandiko cha SSD na kuandika tarakimu zake nne za mwisho kwenye mkono wangu, kwa kalamu. Clonezilla huonyesha kila diski kwa ukubwa, modeli na namba hiyo. Ya kupokea ni ile inayofanana na mkono. Ikiwa adapta inaficha namba, rudi kwenye menyu, ingia "Enter_shell" na uandike `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`. Ikibidi chomoa SSD, andika amri hiyo tena, uone ni ipi imetoweka. Dakika mbili tu.

Ukishachagua, inakuja mistari michache ya maswali:

Kuhusu kukagua mfumo wa mafaili wa diski ya kutoa, chagua kuruka ("-sfsck"), maana chkdsk umeshaiendesha.

Kuhusu jedwali la patisheni, chagua "-k0" litumike lilelile la zamani. Ipo "-k1" inayotanua patisheni zote kwa uwiano, na kwa SSD kubwa inavutia, lakini inatanua hata ile ya EFI na ya uokoaji zisizohitaji nafasi. Naona bora kutanua C baadaye kwa mkono.

Kisha chagua ifanye nini ikimaliza. Mimi huchagua izime.

Soma onyo la mwisho lenye jina la diski itakayofutwa. Linganisha na mkono. Andika y. Litakuja tena, linganisha tena. Baada ya hapo kanywe chai, ila usiguse waya wa adapta ukipita. Adapta dhaifu hulegea ikitikiswa, na hapo unaanza upya.

Kubadilisha diski

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kama iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi yake kwenye mazabodi kabla ya kugusa kingine. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa chaji mwilini. Diski ya zamani imeshikwa na kitanda chenye skrubu nne, kihamishie SSD. Ikiwa ya zamani ilikuwa na unene wa mm 9.5 na SSD ni mm 7, tumia fremu nyembamba ya plastiki inayokuja na baadhi ya SSD, isije ikacheza.

Washa mara ya kwanza ikiwa SSD peke yake. Ya zamani isiwe imechomekwa popote, hata kwenye USB. Diski mbili zenye utambulisho mmoja huichanganya Windows: aidha itaizima mojawapo au itaibadilishia utambulisho, nawe utabaki hujui umewaka kutoka ipi.

Ikikataa, sababu kwa kawaida ni moja kati ya hizi. BIOS imehama kati ya UEFI na Legacy: irudishe ilivyokuwa. Mpangilio wa SATA umebadilishwa kati ya AHCI na RAID: urudishe. Vyote viko sawa na bado inagoma: washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, chagua kurekebisha, ingia Command Prompt, tafuta herufi ya patisheni ya Windows (huko yaweza kuwa D), kisha `bcdboot D:\Windows`.

Ikiwaka, hakikisha TRIM, njia ya Windows ya kuiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa, inafanya kazi: `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` ijibu 0. Rudisha Secure Boot, funga tena BitLocker ukitaka, na ufunguo mpya uandike upya. Ule wa karatasi ya jana haufai tena.

Kwa SSD kubwa kuliko ya zamani, nafasi ya ziada itakuwa mwishoni, na patisheni ya uokoaji imekaa katikati kama gari lililoegeshwa mlangoni. Fanya kazi hii kabla ya kufunga BitLocker. Andika `reagentc /disable` kuzima uokoaji kwa muda, washa GParted kutoka kwenye flashi ileile, sogeza patisheni ya uokoaji hadi mwisho, tanua C, bonyeza kutekeleza. Ukirudi Windows, `reagentc /enable`.

Picha ya diski

Kloni inakupa diski moja inayowaka. Picha ni tofauti: Clonezilla inaikamua diski nzima kuwa folda moja kwenye eksteno, na eksteno moja ya TB 1 inaweza kubeba picha za kompyuta kadhaa. Mwenye ofisi ya kompyuta tano au maabara ya shule anahitaji hii zaidi kuliko kloni.

Njia yake ni "device-image", kisha "local_dev", chomeka eksteno, ichague kuwa hazina, halafu "savedisk". Jina lipe maana: mashine, mwaka, mwezi, siku. Ukiulizwa kukagua picha iliyohifadhiwa, kubali, hata kama inaongeza muda. Kuirudisha ni "restoredisk", na hapo ile dakika ya hatari inarudi, kwa hiyo kalamu na mkono virudi pia. Ukimaliza, chomoa eksteno uiweke kabatini. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, nakala yako ikiwemo.

Diski mgonjwa

Diski inayogonga tik-tik-tik, au yenye C5 inayopanda kila ukitazama, inahesabu saa zake. Usiiendeshee chkdsk, usiipange upya, usiijaribu jaribu. Kila kusoma kunaweza kuwa kwa mwisho, kwa hiyo kusoma kuwe kwa kunakili tu.

Hapa naiacha njia ya kawaida ya Clonezilla, kwa kuwa husimama ikikuta sekta mbovu, na kutumia ddrescue iliyomo humohumo, kupitia ile "Enter_shell". Inachukua kwanza yaliyo rahisi, inaruka yaliyooza, na kuandika ramani ya ilipofika. Ukichomoa leo, kesho inaendelea palepale. Ramani hiyo isikae kwenye diski yoyote kati ya hizo mbili. Chomeka flashi nyingine na uipandishe, kwa mfano `sudo mount /dev/sdc1 /mnt`. Ikiwa mgonjwa ni sda na mpya ni sdb:

`sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani.map`

`sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani.map`

Amri ya kwanza hupita haraka bila kung'ang'ana. Ya pili hurudi kwenye mabaki na kujaribu mara tatu. Inaweza kuchukua siku nzima. Ukimaliza, chkdsk iendeshe kwenye nakala, kamwe si kwenye mgonjwa. Diski iliyokwisha kabisa, isiyoonekana hata kwenye BIOS, hiyo si kazi ya meza yangu, na fundi anayetaka kukufungulia kifuniko chake kibandani penye vumbi mwambie asante na uondoke nayo.

Diski ya zamani iliyo nzima, usiifute siku hiyohiyo. Iache kando wiki mbili, mteja atumie SSD kwa kazi zake zote: printa, hesabu, barua pepe. Wiki mbili zikiisha bila malalamiko, irudishie ile picha uliyohifadhi kwenye eksteno, iweke kwenye laptopu peke yake, uone kama inawaka. Ikiwaka, naibandika karatasi yenye tarehe na neno moja kwa herufi kubwa: INAWAKA. Isiyo na karatasi hiyo kwenye droo yangu, hata mimi mwenyewe siihesabu kuwa nakala.